Somo: Bega la mpigaji na mrushaji, tangu kulikinga hadi kulirudisha uwanjani

Nilikuwa pembeni ya uwanja wa voliboli, michezo ya shule za sekondari, nikamwona msichana mmoja mshambuliaji akivaa sweta wakati wa mapumziko. Aliingiza kwanza mkono wa kulia, taratibu, akiusaidia kwa wa kushoto kama mtu anayemvisha mtoto mchanga, ndipo akamalizia upande wa pili. Hakuna aliyemuuliza kitu. Nilipomfuata akaniambia, "Haliumi sana dada, ni usiku tu nikililalia." Alikuwa amebakiza mechi mbili siku ile.

Ninafanya kazi ya fiziotherapia na nilicheza voliboli miaka kumi. Ninachotaka kiwaingie walimu wa michezo, makocha na wachezaji ni hiki: tunawafundisha vijana kupiga, hatuwafundishi kufunga breki. Mabega mengi ninayoyapokea yameharibikia hapo.

Hatua ya 1: Lielewe bega lenyewe

Chukua chungwa uliweke juu ya kisahani cha kikombe. Chungwa ndiyo kichwa cha mfupa wa mkono, kisahani ndiyo kikao chake kwenye kombe la bega, ule mfupa bapa wa nyuma ya bega. Kikao hakina kina. Ndiyo maana mkono unazunguka kila upande, na ndiyo maana hakuna kiungo kikubwa mwilini kinachoteguka mara nyingi kama bega.

Kinacholizuia chungwa lisiporomoke ni ukingo wa gegedu unaozunguka kikao, kano, na misuli minne midogo: mmoja mbele, mmoja juu, miwili nyuma. Unapopiga smashi, misuli mikubwa ya kifua na mgongo huurusha mkono mbele kwa nguvu zote. Mpira umeondoka, lakini mkono bado uko kasi. Nani anausimamisha? Ile miwili ya nyuma, pamoja na misuli inayoshika kombe la bega. Inakaza huku inavutwa, na hakuna kazi inayoumiza msuli kama hiyo. Ikilegea, kichwa cha mfupa kinateleza kidogo kila pigo, na kano zinaanza kusagika.

Jambo la pili: nguvu ya pigo haitoki begani. Kwenye servi ya tenisi, zaidi ya nusu ya nguvu hutoka miguuni na kiunoni. Kijana asiyekunja magoti wala kuzungusha kiuno analilipisha bega deni la mwili mzima.

Hatua ya 2: Jipime

Lala chali, mkono pembeni usawa wa bega, kiwiko nyuzi 90, vidole vikitazama dari. Mwenzako akandamize sehemu ya mbele ya bega lisinyanyuke, wewe uache kiganja kishuke kuelekea miguuni. Pima pande zote mbili. Mkono wa kupigia ukipungukiwa takribani nyuzi 20 au zaidi (ni kama mshale wa dakika ukitembea dakika tatu hadi nne), bega limekaza nyuma, liangaliwe.

Kisha vua shati, shika chupa mbili za maji za nusu lita, nyanyua mikono na kuishusha polepole mara kumi. Mwenzako asimame nyuma. Kombe la upande mmoja likichomoza kama bawa la kuku wakati wa kushusha, misuli inayolishika imechoka au imedhoofu.

Hatua ya 3: Mazoezi ya breki

Hapa ndipo penye kazi. Huko Norway watafiti walifuatilia wachezaji 660 wa mpira wa mikono wa ngazi ya juu. Timu zilizofanya mazoezi ya bega kwa dakika kama kumi wakati wa kupasha mwili, mara tatu kwa wiki, zilipungukiwa na hatari ya matatizo ya bega kwa asilimia 28. Hawakuhitaji mashine. Sisi tuna tyubu ya baiskeli: ikate kwa urefu upate ukanda, funga kwenye nguzo ya wavu.

Zoezi la kwanza. Simama ubavu kwa nguzo, mkono wa kazi ukiwa upande wa mbali nayo. Kunja kanga iwe mviringo mnene, ibane kati ya kiwiko na mbavu, kiwiko nyuzi 90. Vuta tyubu kuelekea nje, kisha irudishe ukihesabu moja, mbili, tatu. Kule kurudi polepole ndiyo breki yenyewe, na ndiko vijana wanakodanganya: wanavuta vizuri halafu wanaiachia. Kanga ikianguka, kiwiko kimehama, anza upya. Mara 15, awamu tatu. Baada ya wiki tatu au nne, geukia nguzo na ufanye hivyohivyo mkono ukiwa umenyanyuliwa usawa wa bega, maana huko ndiko mchezo uliko.

La pili, pushapu yenye nyongeza: ukifika juu mikono ikiwa imenyooka, usiishie hapo, sukuma ardhi tena mpaka mgongo wa juu uvimbe kidogo. La tatu, lala kifudifudi, nyanyua mikono juu mfano wa herufi Y, dole gumba likitazama angani, ushike sekunde mbili. La nne wanalipenda sana watoto: piga goti, mkono usawa wa bega, kiwiko nyuzi 90, shika mpira wa tenisi, uachie, uudake kabla haujafika chini. Mara 20.

Baada ya mazoezi, si kabla, egemea ukuta kwa kombe la bega, vuta mkono ukivuka kifua kwa mkono mwingine, sekunde 30 mara tatu.

Hatua ya 4: Hesabu mapigo na shusha wavu

Andika kwenye daftari idadi ya smashi na servi za kila mchezaji. Bega halichukii kazi, linachukia kazi ya ghafla: mtoto aliyepiga mara 40 kwa wiki akaingizwa kambini kupiga 200 kwa siku.

Na wavu, tafadhali. Wa wanaume ni mita 2.43, wa wanawake mita 2.24. Shule nyingi zina wavu mmoja, umefungwa kwa kimo cha wavulana, na wasichana wanafanyia mazoezi hapohapo. Sentimita 19 hizo zinamlazimisha msichana kupiga mkono ukiwa umesukumwa juu kabisa, mahali ambapo nafasi ya kano ni finyu. Kushusha wavu ni kazi ya dakika mbili.

Hatua ya 5: Likianza kuuma

Punguza kupiga, usiufungie mkono kabatini. Bega lililoachwa bila kusogea linakaza. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, inatuliza maumivu, haiponyeshi. Endelea na tyubu kwa uzito mdogo. Maumivu yasiyozidi 3 kati ya 10, yanayotulia kufikia asubuhi, yanavumilika. Yakizidi hapo, rudi nyuma hatua moja. Kano iliyochoka hupona kwa wiki 6 hadi 12 za mazoezi ya subira. Wengi huacha wiki ya tatu, maumivu yakipungua, kisha wanarudi kwangu.

Nenda hospitali bila kusubiri ikiwa: umeanguka na huwezi kunyanyua mkono, kuna ganzi, kuna homa pamoja na uvimbe, au maumivu ya bega la kushoto yamekuja na kifua kubana na kukosa pumzi. Makocha wa soka waongeze hili: mchezaji aliyepigwa teke tumboni halafu akalalamika bega la kushoto, huenda bandama imechanika. Hiyo ni dharura.

Hatua ya 6: Likiteguka uwanjani

Utaliona: uduara wa bega umepotea, pembeni pamebonyea, mchezaji ameushika mkono na hataki mtu amguse. USILIVUTE. Lilipoteguka langu nikiwa kidato cha nne, mtu mzima mmoja aliyeaminika kwa kukanda viungo aliweka mguu wake kwapani mwangu akavuta. Lilirudi, ndiyo. Ila pembeni ya bega palikufa ganzi miezi minne, na sikuweza kunyanyua hata ndoo tupu. Neva inapita pale chini ya kichwa cha mfupa, na mishipa ya damu iko jirani. Pengine mfupa umevunjika pia, na bila picha ya eksirei hakuna anayejua.

Mkalishe. Acha mkono ulivyo. Kunja sweta au jezi ujaze nafasi kati ya mkono na mbavu, kisha kunja kanga pembetatu, upite chini ya mkono na ufunge shingoni. Gusa taratibu pembeni ya bega, pale sindano za chanjo zinapochomwa: anasikia? Bonyeza kucha ya kidole, iachie: rangi inarudi? Ganzi, au vidole kuwa baridi na kupauka, mwambie daktari mara tu mkifika. Asile wala asinywe njiani, huenda akahitaji dawa ya usingizi.

Likisharudishwa hospitalini, mkono hukaa kwenye kanga au tembeo kwa muda usiozidi wiki tatu hivi. Baada ya hapo yanaanza mazoezi yaleyale ya hatua ya 3, kwa uzito mdogo mno.

Hatua ya 7: Kurudi

Asirudi kwa sababu fainali imekaribia. Arudi mkono unapokwenda kila upande bila maumivu, nguvu yake ikikaribia ya mkono mzima, na yeye mwenyewe haogopi kuunyanyua. Kwa bega lililoteguka, hiyo mara nyingi ni miezi mitatu au minne. Aanze kwa kurusha mpira mwepesi karibu, kisha mbali, kisha servi ya chini, servi ya juu, na smashi mwisho.

MASWALI YA WANACHAMA

Kocha wa voliboli, Kahama: Shukrani kwa somo, daktari. Hizo dakika kumi nitazitoa wapi? Nina saa moja tu na uwanja tunagawana na wenzetu wa netiboli.

Jibu: Kocha, ondoa zile raundi tatu za kuzunguka uwanja. Weka vikundi vitatu: tyubu, pushapu, mpira wa tenisi. Dakika tatu tatu, wanabadilishana. Miili inapata joto vilevile. Netiboli nao wafanye, pasi za juu zinawachosha mabega.

Mama wa mwogeleaji, Unguja: Dada, mwanangu ana miaka 12, anaogelea siku sita kwa wiki. Bega linamuuma wiki ya pili sasa. Kocha wake anasema ni uchovu tu. Nimsikilize?

Jibu: Mama, wiki mbili zinatosha kusubiri. Umri huo mifupa bado inakua, na karibu na kichwa cha mfupa kuna gegedu la ukuaji ambalo ni laini kuliko kano. Mpumzishe kuogelea kwa mikono, ampige picha daktari wa mifupa. Majini anaweza kuendelea kupiga miguu, mikono ikiwa pembeni ya mwili. Ule ubao wa kushika mbele auache, unalikaza bega lilelile. Na siku sita ni nyingi kwa miaka 12.

Mama wa mwogeleaji: Asante sana dada. Na kumchua kwa mafuta ya karafuu?

Jibu: Mchue kwa upole kama anapata faraja, hakuna ubaya. Asivutwe mkono tu.

Mrusha mkuki, Eldoret: Mimi huwatazama warushaji kwenye video kama alivyojifunza Julius Yego, mrusha mkuki wetu wa Kenya. Kiwiko kinaniuma pamoja na bega. Nakosea wapi?

Jibu: Ndugu, Yego alifika mita 92.72 kule Beijing mwaka 2015, kwa hiyo video si adui. Ila umetazama mkono, sasa tazama mguu. Kwa anayerusha kwa kulia, mguu wa kushoto unatua mbele umenyooka, unafunga breki ardhini, na kasi ya mbio inapanda kiunoni hadi begani. Goti lile likikunjika, kasi inapotea na mkono unalazimika kuizalisha upya. Kiwiko nacho kisishuke chini ya usawa wa bega. Kwa wiki nne rusha ukiwa umesimama, kwa nusu nguvu, na mkuki wa gramu 600 badala ya 800.

Mdau wa jimu, Mbezi: Mkuu, mimi si mwanamichezo wa ushindani, napiga benchi siku nne kwa wiki. Bega la mbele linachoma nikishusha chuma kifuani.

Jibu: Unasukuma mara ngapi na kuvuta mara ngapi? Nadhani jibu unalo. Kwa mwezi mmoja, kila awamu moja ya kusukuma iwe na mbili za kuvuta kuelekea kifuani. Punguza upana wa mikono, na usishushe chuma hadi chini kabisa.

Mchezaji, Morogoro: Nusu fainali ni Jumamosi. Kuna mtu atanichoma sindano ya steroidi begani nicheze. Ni salama?

Jibu: Mdogo wangu, usikubali. Sindano ile ina nafasi yake, kwa daktari aliyekupima, ikifuatiwa na mapumziko. Ukichomwa leo ukapiga smashi kesho, maumivu yamezimwa na kano imedhoofika kwa wakati mmoja, na inaweza kukatika. Diklofenaki nazo usizimeze kila siku, zinachubua tumbo na kuchosha figo.

Golikipa wa maveterani, Dodoma: Nina miaka 47. Sikuanguka popote, ila mkono haunyanyuki hata kwa kusaidiwa, na usiku silali.

Jibu: Kaka, ukisaidiwa pia ukagoma, hilo linaelekea kuwa bega lililoganda, si kano iliyokatika. Pima sukari wiki hii, maana wenye kisukari hupatwa zaidi. Huachia lenyewe, lakini ni kwa miezi mingi, wengine hupita mwaka, na mazoezi ya kulinyoosha taratibu yanasaidia.

Mwalimu wa michezo, Tabora: Bega la kijana wangu limeteguka mara ya tatu. Ana miaka 18. Tyubu itatosha?

Jibu: Mwalimu, hapo sitakudanganya. Kwa vijana, bega lililoteguka hurudia sana, na mara tatu ni dalili kwamba ukingo wa gegedu umebanduka. Mpelekeni kwa bingwa wa mifupa. Hospitali kama MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wana wataalamu wa upasuaji wa kamera kupitia matundu madogo. Mazoezi aanze sasa hata akisubiri, kwa sababu misuli imara kabla ya upasuaji inasaidia baada yake. Ila kwa sasa asinyanyue mkono juu na nyuma, wala asidake mpira kwa kujirusha.

Mwalimu wa michezo, Tabora: Tumepokea. Na hiyo tyubu, ya baiskeli au ya pikipiki?

Jibu: Ya baiskeli kwa kuanzia. Ya pikipiki ni nzito, iwekeni hadi mwezi wa tatu wa mazoezi. Ioshe kwanza kwa sabuni, ule unga wa ndani unateleza mkononi.