Kabla hujaandika kwamba kompaila yako inadhamini prosesa fulani

Kompaila yetu ndogo (programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa), tuliyoiandika kwa lugha ya C sisi watu watatu, ilijitangaza kwa prosesa sita. Mbili kati ya hizo hatukuwahi hata kuzigusa. Siku moja mtumiaji akaiwasha kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM. Ikasoma faili yake hadi mwisho, isisimame. Kumbe jibu la getchar, amri ya C inayosoma herufi moja na kurudisha -1 faili ikiisha, tulikuwa tunaliweka kwenye char, aina ya data ya baiti moja. Kwenye Linux ya x86-64 (prosesa za Intel na AMD) char hubeba namba hasi, hivyo -1 ya mwisho wa faili inaonekana. Kwenye Linux ya ARM haibebi hasi: -1 inageuka 255, na kitanzi kinazunguka milele.

Kwa hiyo usiandike "ARM64" (ARM ya biti 64) peke yake. Jukwaa ni prosesa, mfumo endeshi na maktaba ya C, vyote kwa pamoja. Kwenye Mac yenye ARM64 hiyohiyo char hubeba hasi, na kosa letu lisingeonekana.

Kisha, kwa kila jukwaa, uliza: likiharibika atalitengeneza nani, na majaribio yanaendeshwa kwenye mashine ipi? Taka jina la mtu. Lugha ya Rust, ambayo hupanga majukwaa kwa madaraja kulingana na uzito wa ahadi yake, inadai wasimamizi wasiopungua wawili kwa jukwaa la daraja la pili. Lugha ya Go nayo inataka wawili, pamoja na mashine ya kujaribia. Sisi tukabaki na mawili tu ya daraja la kwanza: Linux ya x86-64 na Linux ya ARM64. Kuishusha RISC-V, aina nyingine ya prosesa, kuliniuma, maana naipenda kwa dhati, lakini bodi yake hatuna.

Kwetu madaraja ni haya: daraja la kwanza, majaribio yote yapite ndipo toleo litoke. La pili, tunahakikisha inajengeka tu. La tatu, msimbo upo, anayetaka ajaribu.

Hata hivyo endesha majaribio kwenye s390x, prosesa ya mashine kubwa za IBM, kwa kutumia QEMU, programu inayoiga prosesa nyingine, ijapokuwa huna mtumiaji hata mmoja huko. Prosesa hiyo, ikihifadhi namba, hutanguliza baiti yenye thamani kubwa zaidi, kinyume cha x86-64, na hufichua kila mahali ulipoandika namba kwenye faili bila kupanga baiti zake. Sisi ilitufichulia sehemu tatu kwa jioni moja.

Kushusha jukwaa nako kuna adabu yake. Rust iliishusha Mac ya Intel hadi daraja la pili katika toleo la 1.90, Septemba 2025, baada ya kutangaza mapema. Watangazie watu wako toleo moja kabla, na uwaeleze ni majaribio yapi hayataendeshwa tena.