Somo: Kumfuata mwanamke wa Kiingereza katika rejista za parokia

Mtumishi wa ndani au mke wa kibarua wa shambani katika Uingereza ya karne ya 18 hakuacha hati ya ardhi wala wasia. Lakini alibatizwa, akaolewa, akazikwa, na kila mara kasisi au karani aliandika. Tatizo ni kwamba akishaolewa, jina la kwao linatoweka. Kulipata jina hilo ndiyo kazi kubwa ya somo hili.

Hatua ya 1: Anza karibu, rudi nyuma. Usajili wa serikali ulianza Julai 1837. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake kinataja jina la kwao mama. Cheti cha ndoa yake kinataja baba yake na kazi ya baba. Kisha fungua sensa ya 1851, inayoonyesha parokia aliyozaliwa. Ile ya 1841 isikudanganye: umri wa watu wazima mara nyingi umeshushwa hadi kigawe cha tano kilicho chini yake (20, 25, 30 na kuendelea), kwa hiyo wa miaka 34 anaonekana wa 30.

Hatua ya 2: Ndoa. Hapa kaa sana. Kuanzia Machi 1754 karibu kila mtu, isipokuwa Wakweka (Quakers, kundi la Kikristo) na Wayahudi, alilazimika kufunga ndoa katika kanisa la Anglikana, na rejista ikawa na majina ya wote wawili, parokia zao, sahihi na mashahidi. Tazama ukurasa wenyewe: asiyejua kuandika alitia msalaba, na karani akaandika jina lake kuuzunguka. Mashahidi usiwaruke, maana mara nyingi ni kaka, dada au shemeji. Akiandikwa mjane, jina unaloliona ni la marehemu mume, hivyo tafuta ndoa iliyotangulia. Ndoa nyingi zilifungwa parokia ya bibi harusi, basi ukiikosa kwa mume, zunguka vijiji vya jirani.

Hatua ya 3: Ubatizo na maziko, kwa pamoja. Tangu 1813 fomu za ubatizo zina makazi na kazi ya baba, lakini mama ni jina la kwanza tu. Ukimpata "Mary, binti John na Ann", usishangilie kabla ya kusoma rejista ya maziko. Mtoto akifa, wazazi waliweza kumpa jina lilelile anayefuata, na watu wengi wamejenga ukoo mzima juu ya mtoto aliyezikwa akiwa na miezi michache.

Rejista ziliamriwa mwaka 1538, ila nyingi zimepotea, na miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, baada ya 1642, ina mapengo mabaya. Ukikwama, ulizia nakala ambazo parokia zilimpelekea askofu kila mwaka.

MASWALI

Swali: Mwalimu, wazazi walioana Juni 1720, mtoto kabatizwa Februari 1720. Walizaa kabla ya ndoa?

Jibu: Hapana, dada. Hadi 1752 mwaka wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari hiyo ilikuja miezi minane baada ya Juni. Andika 1720/21, usije ukajichanganya baadaye.

Swali: Niko Dodoma, mama mkwe ni Mwingereza. Nitafika huko kweli?

Jibu: Anza na tovuti za FamilySearch na FreeREG, zote bure. Faharasa inakuonyesha pa kutafuta, lakini picha ya ukurasa ndiyo ya kuaminiwa. Isiyokuwepo mtandaoni, iandikie ofisi ya nyaraka ya kaunti.

Swali: Ubatizo wa bibi yetu wa miaka ya 1790 umeandikwa jina la mama yake peke yake. Baba hatumpati tena?

Jibu: Huenda mkampata. Parokia ndiyo iliyolisha maskini, kwa hiyo wasimamizi wake walimhoji mama aliyezaa nje ya ndoa ili baba alipie matunzo. Hati hizo, zikisalia, zimo katika kumbukumbu za misaada ya maskini, si katika rejista ya ubatizo. Soma pia maelezo ya makazi ya huyo mama, yaani mahojiano ya kujua ni parokia ipi iliyopaswa kumsaidia: mtu aliyehojiwa alieleza alikozaliwa na alikotumikia, na hapo utamsikia mwanamke akijisimulia mwenyewe, kupitia mkono wa karani.