Namna ya kumtambua malkia na mungu wa kike katika dinari ya Kirumi

Kabla ya hatua yoyote, usiisugue sarafu. Ndimu na majivu, ambavyo majumbani hung'arishia vyombo, hula herufi zilezile utakazozihitaji baadaye. Dinari niliyoiharibu mwenyewe nilipokuwa mwanagenzi bado ipo mezani kwangu, inang'aa na haisomeki.

Hatua ya kwanza ni kuipima kwa mizani ya sonara. Dinari ya fedha ya karne ya 2 hukaribia gramu 3 na upana wa milimita 18.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo yenye kazi, ni kusoma maandishi ya ukingoni kwa lenzi huku taa ikimulika kutoka ubavuni, ili kila herufi itupe kivuli chake. Wengi hukimbilia sura na msuko wa nywele, lakini mimi huviacha mpaka mwisho, kwani Faustina mama na Faustina binti wamewapotosha hata wazoefu. Kumbuka kwamba U huandikwa V. DIVA FAVSTINA kwa kawaida ni mama, mke wa kaisari Antoninus Pius, aliyetangazwa mungu baada ya kufariki; binti yake, mke wa kaisari Marcus Aurelius, naye alipewa heshima hiyo, ila kwake mara nyingi huongezwa neno la Kilatini PIA. Kwa Julia Domna, malkia wa baadaye, jina lenyewe hudokeza miaka ya sarafu: IVLIA DOMNA AVG ni 193 hadi 196, IVLIA AVGVSTA ni 196 hadi 211, na IVLIA PIA FELIX AVG ni 211 hadi 217.

Hatua ya tatu, geuza sarafu uangalie mikono ya aliyechorwa nyuma. Ceres hushika masuke na mwenge, Fortuna usukani na pembe iliyojaa matunda, na Pudicitia, yaani staha, huonekana akijivutia ushungi. Dinari moja ya Domna ya miaka ya mwanzo, yenye maneno VENERI VICTR, inamwonyesha Venus akiwa ametupa mgongo, nguo imemteremka hadi chini ya kiuno, kiwiko kimeegemea nguzo, mkononi tofaa: mungu wa mapenzi aliyeitwa mshindi, wakati mume wa malkia, Septimius Severus, akipigania kiti cha enzi.

Jina la mungu likiwa limelika, tazama miguuni. Ukiona tausi, huyo ni Juno.