Kuipanga ditekta ufukweni: mchanga mkavu, mchanga mbichi na majini

Ufukwe mmoja una ardhi tatu, na ditekta (mashine ya kutafutia metali iliyofukiwa) inayotulia kwenye moja hupiga kelele kwenye nyingine. Juu, karibu na minazi, mchanga ni mkavu na karibu kila ditekta hufanya kazi bila taabu. Teremka hatua ishirini, pale maji yalipopwa saa moja iliyopita, na mchanga umejaa chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo koili, ile sahani ya chini inayohisi metali, huyaona kama metali dhaifu iliyotandazwa pwani nzima. Hapo wengi hupandisha usikivu wakidhani mashine haisikii. Inasikia mno, ila inachosikia ni chumvi.

Namba zilizomo humu ni za ditekta ya Minelab Equinox 800, kwa kuwa inaonyesha kila mpangilio kwa tarakimu na usikivu wake ni wa 1 hadi 25. Mwenye mashine nyingine afuate mpango uleule kwa ngazi za mashine yake.

Una mashine ya aina gani?

Ditekta inayotuma masafa (frikwensi) mengi kwa pamoja hulinganisha majibu ya masafa tofauti na kuitoa chumvi kwenye hesabu. Hiyo ndiyo ya ufukweni. Ditekta ya masafa mamoja, tuseme Garrett AT Pro ya kilohezi 15, haina la kulinganisha nalo. Ukiipatanisha na chumvi (yaani kuizoesha ili isiilie chumvi) unaikosesha upatano na madini ya chuma yaliyomo mchangani, na kinyume chake. Itumie kwenye mchanga mkavu. Ukilazimika kushuka nayo, punguza usikivu hadi karibu nusu, ipatanishe ukiwa juu ya mchanga mbichi wenyewe, kisha pandisha uchujaji (kukataa milio ya vitu usivyovitaka) kidogokidogo hadi itulie, ukijua kwamba hereni na cheni nyembamba umeshaziacha.

Ditekta ya palsi, inayotuma mapigo mafupi ya umeme, haijali sana chumvi wala mchanga mweusi wenye madini ya chuma, na huenda chini zaidi, lakini haitofautishi vizuri msumari na pete: unachimba kila kitu. Kama yako ina kirekebisho cha muda wa kusubiri baada ya palsi, mikrosekunde 10 husikia dhahabu nyembamba lakini pia huanza kuisikia chumvi. Ikianza kulia kila wimbi linapopita, isogeze hadi 12, ikibidi 15. Kila unapoongeza unapoteza vitu vyembamba kwanza.

Kabla ya kugusa namba yoyote

Zima simu au iweke kwenye hali ya ndege, na uiweke mfuko wa nyuma. Hoteli zilizojengwa ukingoni zina nyaya, taa na Wi-Fi, kwa hiyo anza mbali na ukuta wake. Kisha, kwa mpangilio huu:

1. Chagua modi ya Beach 1. Modi za Beach kwenye Equinox hutumia masafa mengi tu, kwa hiyo usihangaike kutafuta kilohezi.
2. Inua koili hewani, ishike tuli, anzisha kufuta makelele. Mashine hupitia chaneli 19 na kuchagua iliyo kimya. Ukitikisa koili, au mwenzako akipita karibu na ditekta yake, rudia.
3. Tafuta mahali pasipo na metali, palepale utakapoanzia. Fungua mpangilio wa kupatanisha ardhi, shikilia kitufe cha kukubali na kukataa, huku ukiishusha na kuinua koili, kutoka karibu na mchanga hadi urefu wa kiganja juu yake. Namba ikitulia, achia.
4. Ndipo upange usikivu.

Kosa la kawaida liko hatua ya tatu: mtu anapatanisha juu kwenye mchanga mkavu alipoegesha viatu, halafu anashuka majini na upatano wa juu. Rudia kila unapobadilisha ardhi. Ni kazi ya nusu dakika.

Namba kwa kila sehemu

Mchanga mkavu: usikivu 20 hadi 22, kasi ya kurudi (jinsi mashine inavyowahi kuwa tayari kwa kitu kinachofuata) 5. Penye takataka nyingi, mbele ya vibanda vya madafu na baa, panda hadi 6 au 7 ili mashine iwahi kutenganisha kizibo na sarafu iliyolala kando yake. Kasi ndogo huongeza kina kidogo, lakini vitu viwili vya jirani husikika kama kimoja.

Mchanga mbichi: usikivu 16 hadi 18, kasi ya kurudi 6. Anza na 18, pitisha koili mara kadhaa, na kama bado inalialia shuka namba moja moja. Mashine tulivu kwenye 16 hukupatia pete ya kina kuliko mashine inayopayuka kwenye 22, kwa sababu mlio hafifu wa kitu cha mbali humezwa na kelele.

Majini, kuanzia kwenye povu la mawimbi: Beach 2, usikivu 14 hadi 16. Hata kwenye mchanga mbichi, Beach 1 ikikataa kutulia, hamia Beach 2 kabla ya kushuka chini ya 14. Equinox 800 huhimili mita 3 za maji, ingawa wimbi litakutoa kabla hujafika huko.

Tembea sambamba na maji, usipande na kushuka. Ukienda sambamba, unyevu chini ya koili haubadiliki na mashine inabaki kimya. Koili iwe sentimita 2 au 3 juu ya mchanga, tena usawa huohuo hadi mwisho wa mpito. Anayeinua koili mwishoni kama anayefagia uwanja atasikia mlio wa chumvi kila upande, kwa kuwa umbali wa koili na chumvi umebadilika. Kila mpito ufunike nusu ya ule uliotangulia.

Ratiba ni bahari. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali na kuacha mchanga usiofikika siku za maji mafu. Shuka saa mbili kabla ya kupwa kabisa, fuata maji yakirudi nyuma, na ugeuke yanapoanza kujaa.

Dhahabu, foili na vizibo

Hapa ndipo uchujaji unapokosewa. Equinox hupa kila kitu namba kati ya -9 na 40, na hasi ni chuma. Hereni, cheni na pete nyembamba za dhahabu husoma chini, mahali pamoja na foili ya pakiti ya sigara. Pete nzito zaidi huangukia palipo na vifungulio vya makopo ya soda. Hakuna mpangilio unaokataa foili na kubakiza dhahabu. Ukichoka na foili ukaizima, umezima pia ulichokijia.

Kwa hiyo kata chuma tu. Namba 1 na 2 zikiwika kila mahali kwenye mchanga mbichi, hiyo ni chumvi. Zikatae mwisho kabisa, baada ya kupatanisha upya na kupunguza usikivu.

Sarafu zina mtego wake. Sarafu za Kenya za 2018 ni chuma kilichopakwa nikeli, na mashine huweza kuzisoma kwa namba zinazorukaruka au kuzitia kwenye chuma. Chukua sarafu zote za mfukoni, pete, na chubwi ya mshipi. Zilaze mchangani moja moja, pitisha koili, andika namba. Fanya hivyo kwenye mchanga mkavu na mbichi. Orodha hiyo itakufaa kuliko jedwali lolote la mashine zilizojaribiwa kwa sarafu za Marekani.

Kizibo cha bia ni chuma chembamba chenye mlio mtamu. Sogeza koili taratibu hadi ukingo wake ndio uwe juu ya kitu: kizibo huanza kukoroma mlio wa chuma, pete hubaki na mlio uleule ukififia tu. Kuongeza upendeleo wa chuma (mpangilio unaofanya mlio wenye utata uhesabiwe chuma), hadi 6 au zaidi, husaidia penye vizibo vingi, ila nayo huweza kuificha pete iliyolala kando ya msumari.

Mchanga mweusi

Mchanga mweupe wa matumbawe wa Diani au Paje una chuma kidogo sana. Malindi na Mambrui ni habari nyingine: Mto Sabaki hushusha udongo na mchanga mzito wa rangi ya giza. Tia sumaku ya spika mbovu ndani ya mfuko wa plastiki, ikokote mchangani. Ikitoka na ndevu nyeusi, una madini ya chuma. Hapo shusha usikivu kwa namba 2 au 3, ongeza kasi ya kurudi hadi 7, na inua koili sentimita 5. Unapoteza kina, lakini unapata milio inayoaminika.

Bado inapiga kelele?

Vua kifuniko cha chini cha koili. Mchanga na maji ya chumvi vikijikusanya humo, mashine itaimba siku nzima na hakuna mpangilio utakaoizuia. Kaza waya wa koili kwenye mpini kwa mikanda, kwa maana waya unaocheza huleta mlio. Weka chini sepetu na kichujio chako mbali na koili. Vua bangili unapopekua shimo.

Usiingie na ditekta kwenye magofu na kingo zake, Gedi au Mnarani kwa mfano, na ulizia kibali cha eneo kabla ya kuanza. Kitu cha kale kikijitokeza, kiache palepale na utoe taarifa: Kenya kwa Makumbusho ya Taifa, Tanzania kwa wahusika wa Mambo ya Kale.

Ukimaliza, osha koili, mpini na maungio kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Tenganisha mpini, suuza ndani, kausha kivulini. Chumvi ikikaukia kwenye maungio, safari ijayo mpini hautavutika.