Namna ya Kuandika Wasifu wa Mbunge wa Awali wa Marekani: Mfano wa Matthew Lyon

Anayetaka kuandika maisha ya mbunge wa miaka ya mwanzo ya Marekani aanze na kalenda ya Bunge, si na kisa kilichompa mtu huyo umaarufu. Bunge la kwanza chini ya Katiba lilianza New York mwaka 1789, likahamia Philadelphia mwaka uliofuata, kisha Washington mwaka 1800. Muhula ulikuwa wa miaka 2, Machi hadi Machi, lakini kwa kawaida kikao cha kwanza kilifunguliwa Desemba. Kwa hiyo aliyechaguliwa mwishoni mwa 1798 aliweza kusubiri mwaka mzima kabla ya kukikalia kiti chake.

Matthew Lyon anafaa kwa mazoezi. Alizaliwa Ireland mwaka 1749, akafika Connecticut akiwa kijana aliyefungwa na mkataba wa kazi, akahamia Vermont na kuanzisha mji wa Fair Haven. Aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 1797 baada ya kushindwa uchaguzi mara kadhaa. Haya yaandikwe kwa kifupi, ila kushindwa huko kusifichwe.

Tarehe 30 Januari 1798 Lyon alimtemea mate usoni Roger Griswold wa Connecticut, aliyekuwa amemkejeli kuhusu utumishi wake wa jeshini. Tarehe 15 Februari Griswold alimvamia kwa fimbo ukumbini, naye Lyon akachukua koleo la moto kujihami. Kisa hiki ni kitamu mno, na ndiyo maana wasifu nyingi hukwama hapo. Kisomwe katika magazeti ya pande zote mbili, yaani ya Federalist, chama cha Griswold, na ya Republican, chama cha Lyon, kwa kuwa mkusanyo wa mijadala ya Bunge la wakati huo ulitungwa miongo kadhaa baadaye, kwa sehemu kubwa kutokana na magazeti hayo hayo.

Penye uzito ni kesi yake. Zipangwe tarehe tatu sambamba: barua yake ya kumshutumu Rais John Adams iliandikwa Juni 1798, Sheria ya Uchochezi, iliyofanya maandishi ya uongo na ya hila dhidi ya serikali au Rais kuwa kosa la jinai, ikatiwa saini tarehe 14 Julai, na barua ikachapishwa baada ya hapo. Mpangilio huo peke yake unaonyesha utetezi wa Lyon ulitegemea nini. Oktoba alihukumiwa kifungo cha miezi 4 na faini ya dola 1,000, na wapiga kura wa Vermont wakamchagua tena akiwa gerezani Vergennes.

Katika kura ya urais ya Februari 1801, iliyopigwa na Baraza la Wawakilishi kwa kuwa Thomas Jefferson na Aaron Burr walikuwa wamefungana, mwandishi ahesabu majimbo, si vichwa, maana kila jimbo lilikuwa na kura moja. Jefferson alikuwa na majimbo 8 kati ya 16 na alihitaji 9. Katika duru ya 36 mwenzake Lyon kutoka Vermont, Lewis Morris, hakupiga kura, na kura ya Lyon ikampa Jefferson jimbo hilo. Hata hivyo, kudai kwamba Lyon peke yake ndiye aliyemweka Jefferson madarakani ni kutia chumvi, kwani Maryland nayo iligeuka katika duru hiyo hiyo.

Baadaye aliwakilisha Kentucky kuanzia 1803 hadi 1811, akafariki Arkansas mwaka 1822. Wasifu usiishie kaburini: mwaka 1840 Bunge liliwarudishia warithi wake ile faini, pamoja na riba.