Jinsi ya kuwaweka majimoto walinde minazi, miembe na hata kakao

Shemeji yangu ana shamba la kakao Kyela, kule Mbeya, na juzi kanipigia ananiuliza hii baiodizaini inayosemwa siku hizi ni kitu gani na itamsaidia vipi, manake wadudu wanafyonza matunda ya kakao mpaka yanajaa madoa meusi na dawa kila mwezi ni pesa. Nikamwambia shemeji, ni kulipanga shamba ukimtumia kiumbe hai kama fundi wako, na fundi mwenyewe huku Pwani twamjua tangu utotoni, ni yule majimoto, sisimizi anayeshona kiota cha majani mitini na kutuuma tukipanda mwembe.

Mie nalima Utange, Mombasa, minazi na miembe na mikorosho miwili. Mwaka fulani minazi ilikuwa inapukutisha vidaka, yale matunda machanga kabisa, kila asubuhi, ukikiokota kimoja unakuta utomvu umeganda pale kilipodungwa, hakifiki hata kuwa kitale, hatua ya kabla ya dafu. Huyo ni kunguni wa minazi, Pseudotheraptus wayi, na hilo jina la wayi ni la mtafiti M. J. Way aliyewachunguza majimoto kule Zanzibar miaka ya 1950. Mnazi wenye majimoto wengi huyo kunguni hapati nafasi. Kwenye miembe wanasaidia pia dhidi ya inzi wa matunda, yule wa Asia ambaye Afrika alionekana kwanza hapa hapa Kenya 2003, harufu ya majimoto kwenye embe inamfanya asitake kutaga. Na Ghana, miaka ya 1970, watafiti waliona miti ya kakao iliyotawaliwa na majimoto ina wafyonzaji wachache.

Haya, sasa kazi. Kwanza jua koloni, yaani koo za majimoto, ni ngapi shambani kwako. Mti mmoja unaweza kuwa na viota 10 na vyote ni vya mama mmoja, na koloni moja inaweza kushika miti mingi. Chukua kijiti, waache majimoto wachache wa mti huu wapande, kisha kiguse kwenye shina la mti ule. Wakigusana vipapasio na kupitana, ni ndugu. Wakikamatana miguu na kuvutana kila mmoja na upande wake, hao ni maadui na usiwachanganye hata siku moja, watauana wote ubaki huna kitu.

Pili, kuhamisha. Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza, nilikata viota viwili vya chini kwa sababu ndivyo nilivyovifikia, nikavitundika kwenye mnazi, wakashona majani vizuri, nikafurahi, baada ya wiki kadhaa wakapungua pole pole mpaka wakaisha. Malkia hakuwemo. Koloni ina malkia mmoja tu na bila yeye hakuna mayai ya vibarua wapya, yaani majimoto wa kazi, kwa hiyo kata viota vingi iwezekanavyo vya koloni moja, hasa vile vya juu kabisa kwenye mti wenye viota vingi na vibarua wakali zaidi, mara nyingi ndiko anakokaa. Enda alfajiri kabla jua halijakolea, jipake majivu mikononi na shingoni, kata tawi taratibu bila kulitikisa, tia ndani ya gunia na ufunge mdomo haraka.

Mti unaowapeleka uwe hauna koloni nyingine, na angalia chini kwenye shina kama kuna wale sisimizi wadogo wenye askari wa vichwa vikubwa. Hao ndio adui mkubwa wa majimoto, wanawamaliza wakianza tu kushuka, kwa hiyo usiwashushe chini! Funga kamba za katani kutoka mti hadi mti ili wapite juu kwa juu. Siku ya kwanza wanasimama mwanzo wa kamba wanapapasa tu, lakini ukiweka vichwa vya dagaa upande wa pili, kesho yake utaona mstari mzima, kibarua mmoja kabeba kichwa cha dagaa kikubwa kuliko yeye na wenzake wanamvuta kwa nyuma. Wape dagaa na maji ya sukari wiki 2 za mwanzo mpaka wazoee. Ukipata nafasi tazama wanavyoshona kiota, safu nzima inavuta majani mawili yakutane halafu mwingine anamshika buu mdomoni na kumpitisha huku na huku, uzi unatoka kwa yule buu. Mie naweza kukaa hapo nusu saa.

Dawa za kupuliza acha kabisa kwenye miti hiyo. Mkwezi wako atalalamika, na ana haki, anaumwa yeye, kwa hiyo mpe majivu ya kujipaka, muongezee kidogo, na embe vuna kwa upembo.

Kwa shemeji wa kakao nna maneno mengine. Majimoto hawazuii ugonjwa wa kuoza matunda, ule unaoanza na doa la kahawia halafu tunda zima linakuwa jeusi kwa wiki mbili hivi, huo unasambazwa na matone ya mvua, dawa yake ni kuvuna mara kwa mara, kutoa matunda yaliyooza na kupunguza matawi upepo upite. Na angalia wanafuga nini, manake majimoto wanapenda utamu wa vidugamba, wale wadudu wadogo wanaoganda kwenye matawi na kufyonza utomvu, ukiona tawi limejaa vidugamba likate. Pia usifagie chini ya kakao mpaka pakawa peupe, maua yake madogo yale yanachavushwa na vijidudu mfano wa usubi ambao wanazaliwa kwenye majani yaliyooza, kwa hiyo katakata migomba iliyokwisha zaa na utupe vipande chini ya miti, vioze hapo hapo.

Ukishawaweka, pita kila wiki uhesabu viota na ukaze kamba, na mvua kubwa ikinyesha kagua matawi yaliyoinama yakagusa mti wa koloni nyingine, ukiyaona kata siku hiyo hiyo usingoje kesho.