Namna ya Kuandika Nadharia Tete: Somo la Kwenye Vichanja vya Dagaa

Binti wa kaka yangu anasoma stashahada ya mambo ya uvuvi. Mwezi wa sita alinijia hapa Igombe, Mwanza, na pendekezo lake la utafiti. Kwenye ukurasa wa pili msimamizi wake alikuwa amezungushia sentensi moja kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Hii si nadharia tete." Hakueleza zaidi, hata kwamba nadharia tete ni jibu unalolitoa kabla ya kupima. Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Vichanja vina umuhimu mkubwa katika kuboresha dagaa wa Ziwa Victoria."

"Shangazi, mbona ni kweli?" akaniuliza.

Nimefanya kazi ya maabara miaka 24 na nimesaidia wanafunzi wengi kabla yake. Karibu wote huanza na sentensi ya namna hii: nzuri, haina mpinzani, na haipimiki. Nikamchukua mpaka mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia dagaa, tukasimama pale akina mama wanapoanika, nikamwambia: "Niambie jambo moja ambalo likitokea hapa kesho, tutasema sentensi yako ni ya uongo." Alitazama vichanja, yale majukwaa ya kuanikia yaliyoinuliwa juu ya ardhi, akatazama dagaa waliotandazwa mchangani, kunguru wakiwadokoa. Hakupata jibu. Hilo ndilo jaribio la kwanza la kila nadharia tete, na ukitaka kushika kitu kimoja tu katika maelezo yangu, shika hilo: lazima uweze kusema ni tukio gani litakaloivunja.

Neno hypothesis lilitoka Kiyunani, likiwa na maana ya kitu kilichowekwa chini, kama mawe ya msingi kabla ya kuta. Sisi tumelipokea kwa njia nyingine. Wapo wanaoandika haipothesia, lakini vyuoni kwetu utakuta zaidi nadharia tete, nami nalipenda neno hilo kwa sababu ya hiyo tete. Tunasema hali ya mgonjwa ni tete tukimaanisha bado hajasalimika, lolote laweza kutokea. Ndivyo ilivyo na sentensi hii. Ni jibu ulilolitoa kabla ya kupima, na kipimo kinaweza kulikataa.

Usilichanganye na nadharia yenyewe. Nadharia ni maelezo mapana yaliyopita majaribio mengi, kama nadharia ya vijidudu kuwa chanzo cha magonjwa. Wala usilichanganye na swali. "Je, vichanja hukausha dagaa haraka?" ni swali, nadharia tete hulijibu bila kusubiri.

Basi tukaanza kuandika. Tulitumia muundo ninaoutumia siku zote: kama tukifanya hivi, basi itatokea hivi, kwa sababu hii. Rasimu yake ya pili: "Kama dagaa wakianikwa kwenye vichanja, basi watakauka haraka, kwa sababu upepo unapita." Imeanza kuwa na mifupa. Lakini haraka kuliko nini? Akaongeza "kuliko wa mchangani". Vichanja vya urefu gani? Akaandika mita moja kutoka ardhini.

Tukafika kwenye neno kukauka, na hapo tulikaa karibu saa nzima. Mama mmoja pale mwaloni alituambia yeye hukunja dagaa kidoleni, akivunjika kwa mlio amekauka. Kipimo kizuri kwa mwenye mikono yake, ila mimi na wewe hatutasikia mlio uleule. Tukakubaliana hivi: kilo 2 za dagaa wabichi wa mtumbwi mmoja, usiku mmoja, watandazwe juu ya kipande cha wavu kuukuu, upande wa kichanja na upande wa mchanga, ili wavu uinuliwe na kupimwa bila kupotea dagaa hata mmoja. Tupime kila saa moja. Uzito usipobadilika mara mbili mfululizo, tunasema wamekauka. Sasa sentensi inaweza kuvunjika: wa mchangani wakitangulia au wakifika pamoja, imeanguka. Mtu wa Musoma au Bukoba naye anaweza kuirudia bila kutuuliza chochote.

Watu wa takwimu watakudai na sentensi ya pili, inayosema hakuna tofauti yoyote kati ya kichanja na mchanga. Iandike tu, usiione kama adui. Ndiyo inayopimwa, kama vile mahakamani mtuhumiwa anavyohesabiwa hana hatia mpaka ushahidi utoshe. Ushahidi ukizidi, unaikataa. Usipotosha, unasema umeshindwa kuikataa, ambayo ni tofauti na kusema umethibitisha kuwa hakuna tofauti. Pengine ulipima mara chache mno.

Jambo ninalolisimamia kwa ukali ni tarehe. Andika nadharia tete kabla ya kupima na uiwekee tarehe. Nilipokuwa mwanafunzi nilihesabu konokono wa kichocho katika sehemu nane za ufukwe, nikalinganisha na mambo kama kumi: majani, kina cha maji, umbali na nyumba, na mengine. Kimoja kikaonyesha uhusiano. Nikakiandikia nadharia tete kana kwamba ndiyo niliyokuwa nayo tangu mwanzo, na aliyesahihisha hakuuliza. Mwaka uliofuata nikarudi sehemu zilezile, uhusiano haukuwepo. Ukilinganisha mambo kumi, moja linaweza kung'aa kwa bahati tu, na mimi niliivika bahati vazi la sayansi. Jambo hilo bado linaniuma.

Nilimpa pia mfano wa hapahapa kwetu, maana vitabu vyao vina mifano ya mbali. Kati ya 1991 na 1994 watafiti walikuja na nadharia tete hii mkoani Mwanza: magonjwa ya zinaa yakitibiwa vizuri kwenye vituo vya afya na zahanati, maambukizi mapya ya VVU yatapungua, kwa sababu vidonda na uvimbe hurahisisha virusi kupita. Walichukua jamii 12, wakazipanga jozi sita. Katika kila jozi, jamii moja iliboreshewa huduma kwanza, nyingine ikasubiri. Kila jamii walifuatilia watu wazima wapatao 1,000 kwa miaka miwili. Walioambukizwa VVU walikuwa kama asilimia 1.2 penye huduma iliyoboreshwa, na asilimia 1.9 kwingineko. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995, na pungufu hilo la asilimia 40 hivi lilizungumzwa dunia nzima.

Ng'ambo ya ziwa, Rakai nchini Uganda, wenzao walipima wazo la jirani yake: wape watu wazima wote dawa za magonjwa ya zinaa majumbani, kila baada ya miezi 10, wawe na dalili au wasiwe nazo. Mwaka 1999 walitangaza kwamba maambukizi ya VVU hayakutofautiana. Binti wa kaka akasema, "Kwa hiyo Mwanza walikosea?" Hapana. Soma sentensi mbili hizo neno kwa neno. Mwanza ilihusu huduma inayopatikana kila siku kwa mwenye dalili. Rakai ilihusu dawa kwa wote kwa vipindi. Isitoshe, janga la UKIMWI Rakai lilikuwa limekomaa zaidi. Zilikuwa nadharia tete mbili, na kila moja ilipata jibu lake. Ndiyo maana namsumbua kuhusu mita moja na mtumbwi mmoja: maneno madogo ya sentensi ndiyo yanayoonyesha jibu lako linafika wapi.

Wakati mwingine jambo moja huwa na nadharia tete mbili zinazoshindana. Mnakumbuka gugu maji lilivyoziba mialo yetu, kisha likapungua sana mwishoni mwa miaka ya 1990. Wako wanaosema ni mbawakavu walioachiliwa ziwani kulitafuna. Wako wanaosema ni El Niño ya 1997 na 1998, mvua, mawimbi na mawingu yaliyopunguza mwanga. Wanasayansi wamebishana kwa makala. Katika hali kama hiyo usiandike ile unayoipenda peke yake. Andika zote, kisha tafuta mahali zinapotoa utabiri tofauti. Kama ni mbawakavu, majani yatakuwa na makovu ya kutafunwa na mashina yatakuwa yametobolewa na mabuu yao. Kama ni hali ya hewa, gugu litapungua hata pale mdudu hajafika.

Binti wa kaka alipima siku tano. Siku za jua kali mchanga ulipata moto kiasi kwamba dagaa wa pande zote mbili walikauka karibu saa ileile. Alinyamaza, akaniuliza kama anaweza kuziondoa siku hizo kwenye jedwali. Nikamwambia haondoi hata moja. Kwenye sura ya matokeo asiandike "nadharia tete imethibitishwa" wala "imeshindwa kabisa"; aandike kuwa vipimo vya siku hizo haviiungi mkono. Kisha aseme anachodhani sasa: kama mawingu yakifunika jua, basi wa kichanjani watatangulia, kwa sababu mchanga hautakuwa na joto la kuwasaidia wenzao, ila upepo utakuwepo.

Hiyo ni nadharia tete mpya, haiwezi kupimwa kwa dagaa walewale walioizaa. Tunasubiri giza, maana mbalamwezi ikiwaka mitumbwi ya dagaa haitoki. Sentensi ameshaiandika na tarehe juu yake, karatasi nimeibandika ukutani, juu ya mizani.